Maji Hayachagui, Orodha Inachagua

Kuna msemo umezagaa mjini kwetu kila masika yakianza: "Maji hayachagui mwanamume wala mwanamke." Nimeusikia kwenye daladala, nimeusikia kijiweni, nimeusikia kwa bwana mkubwa mmoja aliyekuja kutupa pole akiwa na viatu vikavu. Na wewe msomaji nadhani umeusikia, kama hujausema mwenyewe. Unasikika kama busara. Mimi nasema ni uzushi, tena uzushi wenye madhara, na leo nataka tugombane juu yake hapa hapa kwenye kurasa zetu.

Lakini kabla hujanirushia mawe, nikiri kitu kimoja. Mimi si mtazamaji. Orodha niliandika mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko mtaani sina dili. Mvua ikapiga siku mbili mfululizo, mto ukafurika usiku, bonde letu lote likawa ziwa. Mtaa siutaji na mwaka siutaji, maana wahusika bado tunakutana misibani. Kulipokucha tukajikuta kwenye madarasa ya shule ya msingi, familia saba nane kila darasa, watoto wamelala juu ya madawati. Mchana wakaja wakubwa na fomu. Wakauliza nani ana mwandiko mzuri. Washikaji wakanisukuma mbele. Nikapewa kalamu, kikaratasi cha kuning'iniza shingoni, na maagizo: kila nyumba jina moja, la mkuu wa kaya, halafu mali iliyopotea. Mali nayo ilikuwa na visanduku vyake: nyumba, kitanda, kabati, redio, televisheni, baiskeli.

Mama mdogo wangu, yule anayemfuata mama yangu mzazi, alikuwa wa nne kwenye foleni. Nikamwuliza kama nisiyemjua, si niko kazini bwana:

"Mkuu wa kaya nani?"

Akacheka. "We mtoto, si unakuja kula kwangu kila Ijumaa? Umemkuta nani mwingine?"

Afisa aliyesimama nyuma yangu akamwuliza kama ana mume. Akajibu ndiyo anaye, ila yuko machimboni, huu mwaka wa tano, na salamu zinakuja kwa nadra.

"Basi andika la mume," afisa akaniambia. "Huyu ni mke wa mtu."

Nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kweli kweli.

Tukaja kwenye mali. Masufuria makubwa manne, majiko mawili, gunia la mkaa, ndoo ya unga wa ngano, dumu la mafuta, mabenchi mawili. Yaani genge lake lote la mama ntilie. Genge hilo ndilo lililokuwa likilipa kodi ya chumba, ada za wadogo zangu, na kusema kweli hata daftari zangu mimi. Kwenye fomu hakukuwa na kisanduku cha genge. Afisa akachungulia, akasema, "Hivyo si ni vyombo vya jikoni tu?" Nikaandika: vyombo vya jikoni. Jirani yetu wa kiume aliyepoteza redio yenye betri mbovu akaandikiwa redio.

Miezi ikapita. Tukaambiwa waliomo kwenye orodha watapewa viwanja nje ya mji, mahali pakavu. Baba mdogo akazipata habari huko huko machimboni. Habari ya kiwanja hutembea haraka kuliko habari ya mafuriko. Akaja, akaonyesha kitambulisho, akasaini, maana jina lilikuwa lake. Akakaa wiki mbili. Akauza. Akarudi zake. Mama mdogo akakopa mtaji wa sufuria mbili na kupanga chumba kule kule bondeni, kwa kuwa wateja wake wako kule na kodi ya bondeni ni nafuu. Masika yaliyofuata maji yakamkuta.

Sasa niambie, ndugu yangu wa "maji hayachagui". Mara ya kwanza yalimkuta kwa sababu ya mvua, nakubali. Mara ya pili aliyapelekewa na nani? Mimi najua. Alipelekewa na kalamu, na kalamu niliishika mimi.

Usikimbilie kusema kwamba sheria zetu ndizo mbovu. Ninachokilalamikia hasa ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, inasema waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, tena inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili mpaka ithibitike vinginevyo. Maafa nayo yana sheria yake ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Kimataifa upo mwongozo uliopitishwa kule Sendai, Japani, Machi 2015, wa kuongoza dunia mpaka 2030, na ndani yake wanawake wametajwa kama watu wa kuongoza shughuli hizi, siyo wa kupewa tu. Karatasi zimejaa. Lakini siku ya maji nani anabeba sheria? Kinachofika kwenye darasa lile ni fomu na kijana mwenye mwandiko mzuri. Fomu ikiwa na mstari mmoja wa jina, sheria zote hizo zimeishia nje ya geti. Mama mdogo angekwenda mahakamani kudai nini? Kiwanja kitupu ambacho hajawahi kulala hata usiku mmoja, na jina lake halimo popote?

Turudi kwenye msemo wenyewe. Maji hayachagui? Yanachagua sana. Tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kiliipiga Bangladesh na kuua watu wapatao 138,000. Waliokuja kuhesabu baadaye wakakuta kwamba kati ya watu wazima wa miaka 20 hadi 44, wanawake walikufa 71 kwa kila 1,000, na wanaume 15. Kimbunga hakina macho. Kwa nini basi? Kwa sababu onyo lilitangazwa sokoni na vijiweni walipo wanaume, na mke alikuwa nyumbani. Kwa sababu wengine walimsubiri mume arudi ndipo waondoke, wasije wakaulizwa wametoka kwa ruhusa ya nani. Kwa sababu vibanda vya kukimbilia vilijaa wanaume wageni na mwanamke wa heshima alisita kuingia. Kwa sababu sari ikilowa inafunga miguu, na mkono ulioshika mtoto haushiki mti. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoshushwa na mawingu.

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliinuka Aceh, Indonesia. Shirika la Oxfam lilipita baadaye kwenye vijiji vinne vya Aceh Besar. Likakuta watu 676 wamebaki hai. Kati yao wanawake walikuwa 189 tu. Wanaume wengi walikuwa baharini au wamekwenda shughuli zao mbali na pwani. Wanawake walikuwa majumbani na watoto, siku ya Jumapili. Wanaume walijua kuogelea na kupanda miti. Wanawake wengi hawakufundishwa.

Utasema huko ni mbali. Haya, tuje pwani yetu. Hesabu kwenye vidole dada zako wanaojua kuogelea. Mimi nimezaliwa mita mia mbili kutoka mtoni, na ninao dada watatu. Mimi nilifundishwa na vijana wa mtaani nikiwa na miaka saba. Dada zangu wakisogelea maji walikuwa wanachapwa, eti mtoto wa kike anatafuta nini mtoni. Anatafuta kuishi, mzee. Anatafuta kuishi kwa siku ambayo mto utakuja wenyewe mpaka mlangoni.

Halafu kambi. Hapa wengi wetu tunaona haya kuzungumza, basi mimi nitazungumza. Pale shuleni vyoo vilikuwa viwili, kila kimoja na mlango nusu, bila komeo, bila taa, nyuma kabisa karibu na ukuta. Ikifika jioni nilikuwa nawaona akina mama na mabinti wanakataa maji ya kunywa. Joto kali, watu mia kadhaa wamebanana, na mtu anakataa maji. Sikuelewa. Nilidhani ni majonzi. Baadaye sana binamu yangu ndiye aliyenieleza: ukinywa jioni utaamka usiku, na usiku huko nyuma walikuwa wanavizia vijana. Vijana wa kwetu, siyo majini. Msaada ulioletwa ulikuwa unga, maharage, sukari, mablanketi, sabuni. Mabinti walio kwenye siku zao walichana khanga walizokoa. Hakuna aliyewaza pedi, kwa sababu walioketi mezani kuandika mahitaji walikuwa wanaume watano na mimi wa sita, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui kitu.

Najua yanayokuja. "Huyu naye katuletea mambo ya Beijing." Tangu ule mkutano wa mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella, neno Beijing tumeligeuza kuwa tusi la kumnyamazishia mwanamke anayedai chake. Dada akiuliza chenji yake, ameenda Beijing. Sawa, nitukaneni. Lakini mnijibu hoja. Mwenzangu mmoja, mwandishi mzuri tu, aliniambia kwamba siku ya janga hakuna muda wa kuanza kugawa watu kwa jinsia. Okoa kwanza, mengine baadaye. Nikamwuliza: kuandika majina mawili badala ya moja kunachukua dakika ngapi? Komeo la choo linagharimu nini? Yeye alidhani mimi ndiye ninayetaka kugawa watu. Watu walikwisha kugawanywa kitambo, na fomu ile ndiyo iliyogawa. Mimi naomba igawe kwa haki.

Mwingine akasema, "Mbona wanaume nao wanakufa?" Wanakufa, tena sitaki tuwasahau. Nani anavuka mto umejaa kwa ubishi, maji ya kifuani, kwa sababu washikaji wanamtazama? Nani anarudi kuokoa pikipiki wakati ukuta unalia? Kijana. Amelelewa akiambiwa mwanamume haogopi. Na yule baba aliyepoteza kila kitu, nani alimwuliza hali yake pale kambini? Mwanamume halii, kwa hiyo alikwenda kunywa gongo na akirudi ugomvi. Mimi nimemwona mzee wa watu, fundi seremala wa kuheshimika, anapanga foleni ya unga huku amejifunika uso kwa kofia. Huo nao ni uzito wa jinsia. Ukisema suala hili ni la akina mama peke yao, umemzamisha na huyu pia.

Sasa nifike kwenye linaloniuma kuliko yote.

Mama mdogo alikuwa kijumbe wa mchezo wa upatu. Wanawake ishirini na watatu wa bonde letu walikuwa wakimkabidhi pesa kila siku, na yeye alikuwa na daftari. Alijua nani anakaa chumba kipi, nani mjamzito, nani ana mzee asiyetembea, nani anafunga duka na kulala peke yake. Usiku ule wa maji hakulia. Alipita mlango kwa mlango akigonga sufuria kwa mwiko, akiita kwa majina, kwa mpangilio wa daftari lake. Bibi kizee wa chumba cha mwisho, aliyekuwa hasikii, alitolewa kwa sababu yuko kwenye daftari: alikuwa anachezewa upatu na mjukuu wake. Kulipokucha, wakubwa walipotangaza kwamba hawajui ni watu wangapi hawaonekani, mama mdogo alijua. Alikuwa na majina mawili. Hakuna aliyemwuliza.

Mjumbe alikuwa na mhuri, kijumbe alikuwa na daftari. Wakaunda kamati ya maafa ya mtaa, watu saba. Mwanamke mmoja tu aliwekwa, na kazi yake ilikuwa kusimamia jiko. Huyu aliyeweza kutoa bonde zima usiku wa manane kwa mwiko na sufuria hata hilo jiko hakupewa.

Wenzetu wa Bangladesh, baada ya msiba ule wa 1991, walijifunza. Waliongeza majengo ya kukimbilia, wakaongeza wanaojitolea kupiga mbiu, na wakawatafuta wanawake wa kugonga milango ya wanawake wenzao. Kimbunga Sidr kilipowapiga Novemba 2007 waliokufa walikuwa kama 3,400. Bado ni wengi, na bado wanawake walizidi. Lakini linganisha na 138,000. Leo karibu nusu ya jeshi lao la kujitolea ni wanawake. Nchi ile haikuwa tajiri ilipoanza. Iliamua tu kuwauliza walio na daftari.

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi? Tunajichekea maafisa na fomu zao, lakini hebu tufungue kazi zetu. Tangu Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011, mpaka matope ya Hanang mwaka 2023, mpaka mafuriko ya Nairobi mwaka 2024, hadithi na mashairi yetu yana mwanamke yule yule. Yuko juu ya paa. Nywele zimelowa. Ameshika mtoto. Analia. Kijana shujaa anakuja na boti, na mwishoni kuna upinde wa mvua. Jamani! Fomu ile ilikuwa na kisanduku kimoja, na sisi hatuna hata viwili.

Nasema kwa uchungu kwa sababu hadithi hiyo nami niliiandika. Niliisoma mbele ya watu kwenye jioni moja ya waandishi, nikapigiwa makofi, dada mmoja akafuta machozi. Nikaona nimefika. Nikaenda nayo kwa mama mdogo nimsomee, nikitegemea naye ataguswa. Alikuwa anakanda unga. Akasikiliza mpaka mwisho, hakusimamisha mikono.

"Ndo mimi huyo juu ya paa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nalia tu?"

Nikasema ni sanaa, msomaji lazima aguswe. Akakata tonge la unga, akaliviringa. "Mimi usiku ule sikupata nafasi ya kulia, baba. Nilikuwa nahesabu watu. Ungeandika nahesabu."

Kwa mara ya pili nilikuwa nimemwandika mama huyu, na kwa mara ya pili nilikuwa nimekosea. Mara ya kwanza nilimnyang'anya kiwanja. Ya pili nilimnyang'anya usiku wake. Tena ya kwanza niliagizwa. Ya pili hakuna aliyenishika mkono.

Basi madai yangu ni haya, na sitayapamba. Kwa wenye fomu: andikeni majina ya watu wazima wote wa kaya, mwenye nyumba na mpangaji, mke na mume, na aliyepo aandikwe yeye, siyo aliyeko machimboni. Genge ni mali, cherehani ni mali, karai la maandazi ni mali. Kitu kinacholisha watu saba hakiwezi kuwa chini ya redio. Choo cha wanawake kiwe karibu, kiwe na taa na komeo. Pedi zipakiwe gari moja na unga. Kabla mvua haijaja, mkiunda kamati, mtafuteni kijumbe, na mkimpata mpeni kiti cha maamuzi, siyo mwiko, mwiko anao. Na shule za mabondeni na za pwani zifundishe watoto wa kike kuogelea, tukome kuwachapa kwa kusogelea maji ambayo siku moja yatawasogelea wao.

Kwa wenzangu wa kalamu nina moja tu. Masika yajayo, ukikaa kuandika hadithi ya mafuriko, kabla hujamweka mwanamke juu ya paa, nenda kamwulize alikuwa akifanya nini.

Mama mdogo bado yuko bondeni. Upatu umerudi, safari hii wako kumi na tisa. Wiki iliyopita nilimnunulia daftari jipya, kubwa, lenye jalada gumu. Akaniomba nimwandikie majina ukurasa wa kwanza, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nikamwambia, mama, taja wewe, nitaandika utakavyosema. Akaanza kutaja. Lilipofika jina lake akasema liwe juu.

Nikaliandika juu.